Mtoto Kaenda Kuvua, Mambo Hayaendi: Tafuta Shida Hapa

Safari ya kwanza ya kuvua na mtoto ikiharibika, lawama huangukia samaki: leo hawapo, maji yamechafuka, upepo mkali. Mara nyingi samaki hawana kosa. Shida iko kwenye kimo cha boya, kwenye ukubwa wa ndoana, au kwa mtu mzima aliyekuja kuvua kwa ajili yake mwenyewe huku mtoto akimsindikiza. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuiona, kwa hiyo naisema mapema: siku ya mtoto, ufito wako uache nyumbani. Kutia chambo, kufumua mshipi na kumwangalia mtu mdogo aliye karibu na maji ni kazi tosha ya mikono miwili.

Nachukulia kwamba mna ufito mwepesi wa mita 1.2 hadi 1.8, mshipi wa nailoni unaohimili kilo 2 hadi 4, boya dogo, machubwi madogo ya kuuvuta mshipi chini, na ndoana namba 8 hadi 12. Angalia hapo kwenye namba: kwa ndoana za ukubwa huu, namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo. Wapo wanaonunua namba 2 wakidhani wamechukua ndogo kabisa, kisha wanashangaa samaki wa kiganja hawanasi. Rili, kile kifaa cha kuzungushia mshipi, si lazima. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6 au 7 mimi ningemfungia mshipi moja kwa moja kwenye ncha ya ufito, urefu wake sawa na ufito wenyewe, na matatizo nusu ya yaliyo hapa chini asingeyajua.

Boya limetulia, hakuna hata anayedona

Anza na umbali. Watoto hupenda kutupa mbali, na watu wazima huwashangilia, wakati samaki wadogo wako mita mbili tatu kutoka ukingoni: kando ya matete, chini ya mti ulioangukia majini, kwenye kivuli cha gati, mahali kijito kinapoingilia. Wanakaa huko kwa sababu ndiko kuna wadudu na maficho. Mwambie mtoto ashushe chambo pale pembeni ya majani. Maji ya wazi katikati ya bwawa yanavutia kwa macho tu.

Kelele nazo zina utata wake. Maongezi na vicheko havifiki sana majini, kwa hiyo acha kumnyamazisha mtoto kila dakika. Vishindo ndivyo vinavyofika. Samaki ana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, na mtoto anayeruka ukingoni au kudondosha ndoo kwenye mbao za gati ametangaza ujio wake. Vivyo hivyo kusimama wima juu ya ukingo mtupu maji yakiwa maangavu: samaki aliye chini anaona nje kupitia duara juu yake, na mwili mrefu unaotikisika humo ni adui. Kaeni chini, au mjifiche nyuma ya majani kidogo.

Saa pia. Asubuhi mapema na jioni kuna nafuu, hasa siku za joto. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanashika 7.5 tu. Mchana wa jua kali samaki wengi hushuka au huingia kivulini na kula kunapungua. Kama mchana ndio nafasi pekee mliyonayo, fuateni kivuli na kina. Baada ya mvua, maji yakiwa ya udongo, perege watasumbua kwa sababu wanategemea macho sana, ila kambare anaweza kufurahia: yeye anaonja kwa sharubu na hata kwa ngozi ya mwili, giza halimzuii.

Kaeni kila mahali dakika 15 hadi 20. Ndani ya muda huo rusha makombo machache ya chambo karibu na boya, kiasi cha vidole viwili, kila baada ya dakika chache. Kiasi kikubwa kinawashibisha. Pakibaki kimya, badilisha kina kwanza, kisha ndipo mhame.

Boya linakaa vibaya

Hili watu hulipita, na ndilo ningelishughulikia kabla ya kubadilisha chambo, ndoana au bwawa. Boya lililopangwa vizuri husimama wima na kuonyesha ncha yake tu juu ya maji. Likikaa namna nyingine, linakuambia kitu.

Likilala ubavu na kubaki limelala, chubwi limegusa chini na mshipi umelegea. Kina mlichoweka kimezidi kina cha maji. Lishushe boya kuelekea ndoana, sentimita kumi kumi, mpaka lisimame. Likizama moja kwa moja bila kutikisika, uzito umezidi, au ndoana imeangukia kwenye majani. Likisimama nusu nzima ikiwa nje, uzito ni mdogo mno: samaki anapolivuta chini anahisi linamrudisha, anatema chambo, anaondoka. Watu wazima huliita hilo «samaki wajanja». Ongeza chubwi moja dogo, halafu jingine, mpaka ibaki ncha.

Kuna ishara moja inayowachanganya hata wazoefu. Boya lilikuwa wima, likacheza kidogo, kisha likapanda juu na kulala. Mtoto atasema samaki kaondoka. Kumbe samaki kaokota chambo kutoka chini na kukiinua pamoja na chubwi, na boya limebaki halina kinacholivuta. Huo ndio wakati wa kuinua ufito.

Boya likienda pembeni taratibu, tazama jani au povu linaloelea jirani. Vikienda pamoja ni upepo. Boya likienda kinyume na jani, ni samaki. Mtoto akishajua kulinganisha hivyo hachoki haraka, maana amepata la kupeleleza.

Machubwi yabaneni kwa koleo, kamwe si kwa meno, na mtoto asiyaweke mdomoni hata kwa mchezo. Mengi bado ni ya madini ya risasi, na risasi ni sumu. Uingereza ilipiga marufuku ukubwa mwingi wa machubwi ya risasi mwaka 1987 kwa sababu mabata maji walikuwa wakiyameza na kufa. Yapo ya chuma na tangsteni. Kwa kisanduku cha mtoto chagua hayo.

Boya linacheza, ndoana inarudi tupu

Hii ni dalili ya furaha, ingawa mtoto haoni hivyo. Samaki wapo na wana njaa.

Sababu ya kwanza ni chambo kikubwa. Nyungunyungu mzima anayening'inia ni mkia mrefu wa kuvutwa kutoka pembeni. Samaki wadogo hukata kipande kimoja kimoja wala hawafiki kwenye ndoana. Kata kipande cha sentimita moja au mbili, kipitishe kwenye ndoana kama unavyovaa soksi, acha ncha ya ndoana itokeze kidogo. Mkia unaobaki ukining'inia usizidi upana wa ukucha wa mtoto. Kama mnatumia donge la unga, liwe dogo kama punje ya mahindi na likandwe mpaka liwe gumu kiasi cha kutomomonyoka likitumbukizwa majini. Jaribuni miguuni mwenu kwanza: shusheni ndoana pale mnapoiona, hesabuni mpaka thelathini. Likiyeyuka, ongezeni unga.

Sababu ya pili, ndoana kubwa. Samaki akishikwa hatimaye, mtazame mdomo. Ndoana isiyoweza kuingia humo kwa urahisi imeshakupa jibu. Shuka hadi namba 12, hata 14.

Ya tatu ni mkono. Mtoto hufanya mojawapo kati ya mawili: anavuta boya likitikisika tu, au anasahau kabisa mpaka chambo kimeliwa. Msubirishe mpaka boya lizame lote au liende upande mmoja bila kusita, aseme «moja», ndipo ainue. Na kuinua ni kwa kifundo cha mkono, ncha ya ufito ipande kama nusu mita. Akivuta kwa bega zima samaki mdogo atapaa na kutua kwenye mti nyuma yenu, jambo ambalo wadogo zake watalicheka mwaka mzima na samaki hatalisahau pia. Mkiwa na ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea shina, basi asivute kabisa. Akaze mshipi taratibu tu. Inajishika yenyewe pembeni mwa mdomo. Kwa mtoto asiye na subira, au mwenye subira kupita kiasi, ndoana hii ni msaada mkubwa.

Halafu kuna wale wa nyuma. Shangazi anasema vuta, kaka anasema bado, babu anasema si hivyo. Ukingo umekuwa nyumba ya kambare, kila mmoja ana sharubu, na mtoto hajui amsikilize nani. Achaguliwe mmoja wa kusema.

Mshipi umejisokota tena

Kwenye rili, angalia kwanza umejaza kiasi gani. Mshipi uliofika ukingo wa kibiringo humwagika wote kwa pamoja. Acha milimita 2 au 3. Nailoni iliyokaa miezi imezoea umbo la kibiringo na hutoka ikiwa koili. Iloweshe kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya safari, au badilisha, si ghali kuliko machozi.

Sababu nyingine ni mtoto kuendelea kuzungusha mkono wa rili huku breki ya rili, ile inayoachia mshipi utoke ukivutwa kwa nguvu, inateleza na samaki anavuta. Kwenye rili ya wazi, kila mzunguko hapo unaongeza msokoto kwenye mshipi bila kuleta samaki hata sentimita. Mfundishe: ikilia, acha kuzungusha. Rili ya kufunikwa, yenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba, husamehe makosa mengi ya mkono mdogo.

Ukishasokotana, usivute ncha. Tanua matundu, yalegeze kutoka katikati. Ukiona dakika mbili zimepita, kata na ufunge upya, kwa sababu mtoto anayetazama mgongo wako kwa dakika ishirini amekwisha kuondoka kichwani. Vipande vya nailoni viende mfukoni. Ndege hunasa miguu humo, na haiozi.

Samaki alinasa, mshipi ukakatika

Kabla ya kusikitika, vuta mshipi na utazame ncha yake. Ikiwa imejikunja kunja kama mkia wa nguruwe, hakuna kilichokatika: fundo lilifunguka. Ikiwa imekwaruzwa na kuwa nyeupe, mshipi ulisagika kwenye jiwe au kisiki. Ikiwa imekatika safi, kilichopita hapo ni kitu chenye makali.

Fundo la kufunguka linatibika hivi: pitisha mshipi kwenye tundu la ndoana, uzungushe juu ya mshipi wenyewe mara tano, rudisha ncha kwenye kitundu kilicho karibu na ndoana, kisha lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika hapo hapo kwenye fundo. Kaza polepole, vuta kwa nguvu kulijaribu, punguza ncha lakini bakiza milimita mbili.

Kwa ule uliokwaruzika, pitisha vidole kwenye mita ya mwisho kila baada ya samaki wachache, na ukihisi ukali kata kipande hicho. Breki ya rili iteleze kwenye robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani mshipi wa kilo 4 uanze kutoka ukivutwa kwa kilo moja na kidogo.

Ndoana imekwama chini

Mtoto asogee nyuma yako kwanza. Ndoana au chubwi likiachia ghafla hurudi kwa kasi likielekea nyuso, ndiyo maana miwani iwe machoni muda wote, si kofiani. Nendeni upande wa pili wa kizuizi mvute kutoka huko. Mara nyingi inatoka ilikoingilia. Ikigoma, elekeza ncha ya ufito kwenye kizuizi, zungusha mshipi kwenye kijiti, rudi nyuma mpaka ukatike. Usiuzungushe kiganjani, nailoni hukata nyama.

Mtoto kachoka, anataka kurudi

Saa imepita? Basi rudini. Kwa wengi wa miaka minne mitano, dakika 40 za boya ni nyingi, na safari iliyokatizwa akiwa bado anataka kidogo ni bora kuliko ya saa tatu. Kama muda ni mfupi bado, angalia kama ana la kufanya. Awe mtunza nyungunyungu, mjaza ndoo, mpimaji wa samaki kwa rula. Mtafutie samaki wadogo wengi badala ya kumngoja mkubwa mmoja. Kwa mtoto, samaki wa urefu wa kidole anayepiga mkia ni tukio kamili. Na angalia mikono yako: ukiwa ndiye unayetupa, unayeinua na unayerudisha, yeye kachoka kwa haki.

Hatulii, anakimbia ukingoni

Usimkemee tu, mpangie. Jaketi la kuokolea livaliwe kabla ya kufika kwenye maji, hata kama mnavulia nchi kavu. Lilingane na uzito wake. Mnyanyue kwa mabega ya jaketi, likipanda mpaka masikioni ni kubwa. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, kwa hiyo mdogo awe umbali wa mkono wako, na simu ibaki mfukoni. Chora mstari kwa fito mita mbili kutoka majini: ng'ambo ya hapo ni marufuku hadi uwe naye.

Penye kichocho, miguu isiingie majini hata kidogo. Vijidudu vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na huwa vingi majini mchana wa jua. Penye mamba, msivulie kwenye ukingo wa chini. Ngurumo ikisikika, fito chini na mwondoke, hasa fito za kaboni, ambazo hupitisha umeme. Kwa sababu hiyo hiyo msizipeperushe chini ya nyaya.

Anaogopa kumshika samaki, au analia samaki anapokufa

Hofu ya kumshika ina sababu. Perege ana miiba mikali mgongoni, na baadhi ya kambare wana mwiba pembeni mwa kichwa unaochoma vibaya. Mshike wewe, yeye aguse ubavu kwa kidole kimoja kilicholoweshwa, kutoka kichwani kwenda mkiani ili miiba ilale.

Kulia huzuilika kwa kuamua mapema, kabla ya kutoka nyumbani: leo tunawarudisha, au leo tunakula. Mtoto anaweza kukubali lolote kati ya hayo. Kinachomuumiza ni samaki anayehema kwenye ndoo mpaka afe wakati watu wakijadiliana. Mkila, mpige samaki kichwani mara moja, nyuma kidogo ya macho. Mkiwarudisha, mikono iwe imelowa, kwa kuwa mikono mikavu hung'oa ule ute unaomkinga na maradhi. Mchezo unaofaa: wote mshike pumzi samaki anapotolewa majini. Wa kwanza kuhitaji kuvuta pumzi akisema, samaki naye arudi. Mshikilie wima ndani ya maji mpaka ajiondoe mwenyewe.

Ndoana iliyomezwa hadi kooni usiichokoe. Kata mshipi karibu na mdomo. Ana nafasi nzuri zaidi ya kuishi hivyo kuliko kung'olewa matamvua. Na siku nyingine inua ufito mapema.

Sheria za vibali na ukubwa wa chini wa samaki hutofautiana, ulizeni kabla ya kutupa ndoana.

Ndoana imeingia kwenye ngozi

Kinga kwanza: kabla ya safari, lalisha kwa koleo kile kijino kilicho nyuma ya ncha ya kila ndoana. Ni kweli, samaki wawili watatu zaidi watawaponyoka. Ila ndoana laini hutoka kidoleni ilikoingilia, kwa mkono mmoja uliotulia, na kilio kinaisha kabla ya maji ya kunawia kufika.

Kama kijino kipo na kimezama, msivute. Kata mshipi, ifunge ndoana kwa plasta isicheze, mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya. Ikiwa iko karibu na jicho, usiiguse wala usiibane. Funika kwa kikombe cha karatasi kisichogusa ndoana na uende hospitali moja kwa moja. Kwa jeraha lolote la namna hii, hata lile lililotoka kirahisi, safisha kwa maji mengi na sabuni, kisha angalia kadi yake ya chanjo kama pepopunda bado iko ndani ya muda.